Meza ya Watu Wawili

"Hii nini?" karani aliuliza, akikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota mkia wa panya.

"Tiketi," mpiga pasi akajibu.

"Mama, hii ni nyeusi."

"Jana ilikuwa nyeupe."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu: akina baba wenye kamera shingoni, akina mama wenye miwani ya jua kichwani, watoto wakubwa wanaobishana nani atalala kitanda cha juu. Kupitia kioo cha ukumbi wa bandari meli ya starehe ilionekana imesimama, ghorofa juu ya ghorofa, nyeupe pe, imeziba nusu ya mbingu. Lango la kupandia lingefungwa saa tisa. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Begani mwa mpiga pasi, bintiye wa mwaka mmoja na miezi tisa, ambaye tangu azaliwe anaitwa Bosi na kweli ni bosi, alikuwa akihangaika kuvua kiatu.

Sasa, hii tiketi. Juzi Bosi aliiokota mezani akaitafuna pembe moja, akaikunjakunja iliyobaki. Mtu mwingine angeiweka chini ya godoro yakaisha. Lakini huyu amepiga pasi miaka tisa katika karakana ya dobi, na kwake yeye kitu kikikunjamana kina dawa moja tu. Jana usiku alitandika kitambaa, akaiweka tiketi, akafunika kitambaa kingine, akashusha pasi kwa moto mdogo, ule wa hariri. Alipofunua, tiketi ilikuwa nyeusi tii. Wala haikuungua. Karatasi ya aina ile, ndugu yake risiti za dukani, ikiguswa na joto inageuka rangi yote. Siku hiyo hiyo alikuwa amepiga pasi cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya likizo, vyote vikatoka vimenyooka vizuri. Tiketi peke yake ndiyo iliyomgeuka.

"Nitafute kwa jina," alimwambia karani.

"Tiketi za ofa hazina majina. Zina namba. Nipe namba."

"Namba ilikuwa hapo."

"Hapo pana giza, mama."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Mpiga pasi akageuka akawatazama mmoja mmoja mpaka wakakumbuka kwamba wana simu za kuchezea. Kisha akampigia wakala aliyemuuzia tiketi. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Ilikuwa Jumamosi, na wakala Jumamosi hufunga saa sita.

"Nilisema mimi," dada yake alisema pembeni.

Dada huyu, mkubwa wake kwa miaka kumi, alikuwa amekuja kuwasindikiza. Ndivyo alivyosema. Lakini teksi iliyowaleta aliiambia isubiri nje, na mtu anayesindikiza wenzake hafanyi hivyo. Wiki nzima alikuwa amemwimbia wimbo mmoja: meli ya starehe ni ya mtu na mumewe, au ya familia iliyokamilika. Wewe na kitoto unakwenda kutafuta nini huko? Kukimbizana naye kwenye ngazi? Watu watawatazama.

"Watazame wachoke," mdogo mtu alikuwa akijibu, na kuendelea kufunga mzigo.

Na kazini ilikuwa hivyo hivyo. Msimamizi wao wanamwita Makunyanzi, kwa kuwa anaweza kuona kunyanzi hata kwenye shuka ambayo haijafumwa. Aliposaini ile barua ya likizo alicheka hadi akakohoa. "Likizo ni ya kupumzika. Mwenye mtoto mdogo hapumziki. Sasa unakwenda kupumzisha nini? Jumapili asubuhi utakuwa hapa mlangoni, unaniomba zamu."

Angemjibu nini mtu ambaye haelewi? Kila Jumatano asubuhi lori la bandarini huleta magunia ya meli hiyo hiyo: shuka, taulo, vitambaa vya meza. Miaka tisa alikuwa akijua abiria walikula nini bila kuwahi kuwaona wakila. Huyu alimwaga mchuzi, yule alifutia midomo yenye rangi, hawa walisherehekea kitu, maana keki imefika mpaka kwenye pindo. Anafua, ananyoosha, anakunja, lori linachukua. Hakuwahi kukiona hata kitambaa kimoja kimetandikwa mezani na watu wamekizunguka. Baba yake Bosi alipoingia mitini, mimba ikiwa na miezi mitano, aliendelea kupiga pasi amesimama na tumbo lake, na siku moja, mvuke umemjaa usoni, alisema kwa sauti mbele ya wenzake: "Iko siku nitakwenda kuvikalia." Wakadhani ni joto. Kumbe ilikuwa hasira, na hasira ile hakuiacha ipoe. Alitaka yeye na mwanawe waketi upande ule mwingine wa kitambaa, mara moja tu, na asitokee mtu wa kuwaambia kwamba hawakustahili.

"Mama, nipishe niwahudumie wengine," karani alisema.

"Sitoki hapa."

"Basi, mdogo wangu," dada mtu akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ubishi, ilikuwa ya huruma, jambo lililouma zaidi. "Umejaribu. Teksi ipo. Twende nyumbani." Akanyoosha mikono akamchukua Bosi.

Bosi hapendi kuchukuliwa bila kuombwa. Alipiga ukelele mmoja uliosimamisha ukumbi, akajipinda kama samaki, kichwa chini miguu juu, na kola ya gauni lake ikapinduka.

Mpiga pasi akaona wino.

"Mrudishe," alisema.

"Nini tena?"

"Dada, nirudishie mtoto wangu!"

Pale karakana nguo isiyo na alama haiingii kwenye mashine. Kila mteja ana namba yake, na namba hiyo huandikwa nyuma ya kola kwa wino usiotoka hata ukichemshwa. Ndiyo kazi ya kwanza ya mkono kabla ya kazi nyingine yoyote. Siku aliyoileta tiketi nyumbani, kabla Bosi hajaitia mdomoni, alikuwa amekaa kitandani na kalamu ya wino, anatia alama kwenye magauni yote matano. Meli ni kubwa, mtoto ana miguu. Akipotea, atakayemwokota ajue ni wa tiketi ipi. Aliandika huku anafikiria mengine kabisa, mkono ukajifanyia kazi yake, na jambo lenyewe akalisahau kama mtu anavyosahau kwamba amefunga mlango.

Akamkalisha Bosi juu ya kaunta, akamwinamisha kichwa taratibu, akashikilia kola. "Soma hapa."

"Wapi?"

"Shingoni. Simama usome, baba."

Karani alisimama. Alivaa miwani, akainama juu ya shingo ya mtoto, akasoma kwa sauti huku mkono mmoja ukibonyeza: nne, moja, saba, saba, sifuri, mbili. Bosi akageuka ghafla, akainyakua ile miwani. Kompyuta ikafikiri. Hata wale waliocheka walirefusha shingo kuona.

"Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja," karani alisoma. "Chumba cha ndani, hakina dirisha."

"Ndio sisi."

"Naomba miwani yangu."

"Bosi, mpe mjomba miwani."

Bosi akampa, ikiwa na mate. Karani akaifuta kwenye shati, na mpiga pasi akaona kwamba lile shati halikupigwa pasi mikononi, ila maneno akayameza. Karani akasukuma fomu ya mtoto anayesafiri. Chini kabisa ilikuwa na mistari miwili: sahihi ya mama, sahihi ya baba.

"Baba yake anakuja, au ametoa barua?"

"Sisi tumetimia."

"Fomu inataka sahihi mbili, mama."

Akachukua kalamu. Akasaini mstari wa kwanza. Akashuka wa pili, akasaini tena, jina lile lile, mkono ule ule wa kushoto, bila kuharakisha.

"Huwezi kusaini kote kuwili."

"Kwa nini? Kazi si nazifanya zote mbili?" Akatoa cheti cha kuzaliwa, kimenyooka hata ungeweza kujikata nacho. "Soma na hiki. Mzazi ameandikwa mmoja. Kama unamjua wa pili, niitie, na mimi nina maneno naye."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Haya, mwambie!" Karani akakisoma cheti mbele na nyuma. Akatazama saa, ilikuwa saa tisa kasoro robo. Akachukua muhuri, akagonga.

Mpiga pasi alimgeukia dada yake akiwa tayari kwa vita vingine. Lakini dada mtu alikuwa ameinama anamvalisha Bosi kile kiatu alichofanikiwa kukivua. Alipomaliza aliirudisha kola mahali pake, akaibonyeza kwa kidole gumba ikae.

"Mvalishe soksi usiku," alisema. "Huko kuna upepo." "Ngoja nikamwambie yule wa teksi aende zake."

*

Ndani ya meli walifundishwa kwanza kuvaa jaketi la kuokolea. La Bosi lilikuwa la rangi ya chungwa, lilimfika magotini, na alipovalishwa hakukubali tena kulivua. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake akaona vita hivyo havina faida, na saa kumi na moja jioni wakaingia ukumbi wa chakula hivyo hivyo, mama katika gauni lake la bluu lililonyooshwa mara tatu, mtoto kama boya.

Watu waliwatazama. Dada hakukosea.

"Karibuni," mhudumu alisema. "Tuwasubiri wenzenu?"

"Hatuna wenzetu. Tumetimia."

"Vizuri, mama. Kuna meza nzuri kule, karibu na mlango wa jikoni. Mtoto hatasumbua watu."

"Ile ya dirishani ina mwenyewe?"

Mhudumu aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Haina."

"Basi imempata."

Ilikuwa meza ya watu wawili. Kabla ya kuketi, mpiga pasi alishika pembe ya kitambaa akaipindua. Kwenye pindo palikuwa na alama ya karakana yao. Akarudi nyuma hatua moja akautafuta mkunjo wa katikati, ule mstari unaobaki kitambaa kikifunguliwa. Haukuwa katikati. Ulikuwa umeegemea kushoto kwa upana wa kidole, kosa ambalo Makunyanzi amempigia kelele miaka tisa na ambalo yeye hawezi kulirekebisha, kwa kuwa mkono anaokunjia ndio huo wa kushoto.

Kitambaa kilikuwa chake. Alikipitishia kiganja taratibu kutoka ukingo mpaka ukingo. Kiko baridi, alifikiri. Miaka yote hiyo alikuwa amekijua kikiwa cha moto. Machozi yakamlenga, akayakatalia hapo hapo. Siku ya kulia haikuwa hiyo.

Wakaletewa supu, mkate, samaki, na glasi mbili za juisi nyekundu ndu. Bosi alikula mkate, akamtupia abiria wa jirani kipande, akaimba wimbo wake usio na maneno. Kisha, kwa mikono miwili, kwa makusudi mazima ya mtu anayetaka kujua kitatokea nini, akaipindua glasi yake.

Juisi ilikimbia mpaka kwenye mkunjo, ikasimama kidogo, ikavuka.

"Maskini, kitambaa!" bibi wa meza ya pili alisema, na mumewe akaweka uma chini. "Mwanangu, maji baridi! Wahi, doa litashika!"

Nani wa kumfundisha mpiga pasi? Maji baridi kwa upande wa nyuma, usisugue, siki matone mawili, kisha chumvi. Tayari mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka wenyewe na leso ndani yake. Mhudumu naye alikuwa anakuja mbio na kitambaa kingine begani, kimekunjwa, na hata kwa mbali mpiga pasi aliutambua mkunjo wake.

Akaushusha mkono. Akauweka mapajani, akaushika kwa ule wa kulia.

"Nikibadilishe, mama?"

"Kiache."

"Lakini doa..."

"Nimesema kiache, kaka yangu. Tuletee juisi nyingine, kama ile ile."

Bosi, baada ya kuona hakuna anayefoka, alilaza kiganja chake kwenye lile dimbwi, akakiinua, akakigandamiza mahali palipobaki peupe. Vikatokea vidole vitano, vifupi, vimenenepa. Mama yake alivitazama kwa muda mrefu. Jumatano gunia lingefunguliwa, na Makunyanzi, ambaye hukagua kila kipande mwenyewe, angekiinua hiki kwenye mwanga. Na yeye, mama mtu, Jumatano hiyo angekuwa bado likizo.

Chini ya miguu yao kitu kizito kilinguruma. Nje ya dirisha gati lilianza kurudi nyuma, na watu waliobaki wakipunga mikono wakawa wadogo. Mhudumu aliweka glasi mpya katikati ya meza. Meli ikageuka, juisi ikaegemea ukingo mmoja wa glasi, na Bosi akanyoosha ule mkono mwingine.