Vifungo vya Koti la Keya

Mimi sipendi kubishana na mtu asiyejua kazi. Miaka kumi na mitatu nilikuwa stoo ya nguo za Keya, lile jeshi la Waingereza, nikigawa makoti. Kwa hiyo mtu akiniletea kifungo cha askari, nikisema ni cha wakati fulani, basi ni hivyo, tumemaliza.

Mwaka wa sabini na saba watu wa maji walikuwa wanatafuta mabomba ya zamani kando ya barabara ya Malaba kwenda Busia, na ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma. Ikalia. Wakachimba, bomba hakuna. Walipata mifupa ya mtu na vifungo vitatu vya shaba. Naibu wa chifu akaniita.

Nilikuta wamama wawili, kila mmoja anadai marehemu ni wake. Apolot, bibi kizee wa upande wa Malaba, kaka yake Ongodia alirudi kutoka vitani mwaka wa arobaini na tano, akaonekana akishuka treni Malaba, hakuonekana tena. Auma wa Burumba, kule Busia, naye, mumewe Dalmas alishuka stesheni hiyo hiyo mwaka wa hamsini na saba akija likizo kutoka jeshini, hakufika. Ndugu za Dalmas mpaka leo humwambia Auma kwamba alikimbiwa, ati mumewe yuko Uganda na mke mwingine. Miaka ishirini si mke, si mjane.

"Mzee Paulinus," akaniambia, "nipe huyu mtu nimzike. Wakinicheka, wacheke nikiwa na kaburi."

Nilisugua kifungo kwa jivu na ndimu. Taji likatokea, limeviringika juu vizuri. Taji la mfalme hilo. Malkia alipoingia lilibadilishwa, likawa limebonyea katikati.

"Huyu ni wa mfalme," nikasema kwa sauti, na haki ya Mungu nilisikia raha watu wakinisikiliza. "Dalmas aliingia jeshi wakati wa malkia. Si yeye."

Auma akaniuliza kama nina uhakika. Nikamfokea! Nikamwambia, mama, hii kazi uliifanya wewe au mimi? Naibu akampa Apolot mifupa.

Siku ya mazishi nilialikwa kama mgeni wa heshima. Nikatoa koti langu la Keya sandukuni, nikaanza kung'arisha vifungo. Cha kwanza, taji la mfalme. Cha pili, mfalme. Vyote! Na koti hilo nilipewa mwaka wa hamsini na tano, malkia yuko kitini zamani. Nikakaa kitandani. Stoo ilikuwa imejaa vifungo vya zamani, na mkubwa wetu alituamuru tuvimalize kwanza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikivigawa. Mjinga mimi, mjinga mwenye kelele.

Nikapitia kwa Auma, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo ni Dalmas?"

"Anaweza kuwa Dalmas. Anaweza kuwa Ongodia. Kwa kifungo hiki huwezi kujua."

"Lakini wewe ulijua." Akajifunga leso. "Twende ukaseme tena, mbele ya watu."

Nikamwahidi.

Kwa Apolot watu walijaa mpaka nje. Bibi kizee akanishika mikono yote miwili, analia huku anacheka, anasema sasa hata yeye anaweza kufa, kaka yake amerudi kwao. Wakaniita niongee. Auma alikuwa amesimama kando ya ua, ananitazama tu. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima. Nikamwangalia Apolot, woga ukanishika, nikasema, "Tumemleta Ongodia nyumbani."

Wakapiga vigelegele. Auma akapanga mstari na wengine, akachukua udongo, na zamu yake ilipofika aliinama kaburini, akaita polepole, "Dalmas," akautupa.

Mwanamume mmoja wa pale akamshika mkono kwa upole. "Mama, umekosea jina."

Auma akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Ndiyo," akamwambia yule mtu. "Nisamehe, nimekosea."