Shimo la Chokaa la Yumna

Yumna alipozaliwa, babake hakununua dhahabu. Alichimba shimo. Mtaa mzima ulicheka, na wengine wakauliza ni nani aliyefiwa. Aidarus, fundi wa chokaa na mwana wa fundi wa chokaa, aliendelea na jembe lake. Alichimba uani, nyuma ya nyumba yao ya Mji wa Kale, mpaka kina kikamfika kifuani. Akalijaza shimo chokaa aliyoichoma mwenyewe, akaitia maji, akafunika kwa mbao.

"Hii ni orofa ya mwanangu," alimwambia mkewe. "Akifika umri wa kuolewa, itakuwa imeiva laini kama samli."

Nanyi msiojua, jueni. Kwa watu wa Mji wa Kale msichana hatolewi kwao akapelekwa kwa mume. Mume ndiye huletwa. Baba humjengea bintiye orofa juu ya nyumba ya wazee, na bwana harusi huingia na sanduku lake na adabu zake. Orofa ya kwanza ya nyumba ile alijengewa mkewe Aidarus. Ya pili ilikuwa iwe ya Yumna.

Miaka ikaenda. Mkewe Aidarus akafariki Yumna akiwa na miaka kumi na mitatu, wakabaki wawili. Msichana akikasirika, au akimkumbuka mamake, huenda akakaa juu ya zile mbao za shimo, na babake alijua pa kumtafuta.

Kisha wakaja watu wa misitu. Tanuu la Aidarus lilikuwa ng'ambo, ukingoni mwa maji, na lilikula kuni za mikoko tangu enzi za babake. Wakasema mikoko isikatwe tena, boriti zake zisiuzwe, matanuu ya kuni yazimwe, dunia yaungua. Aidarus alitaka kuwakasirikia, akashindwa. Alikumbuka alipokuwa mtoto, mikoko ilivyosongamana hata jua halipiti, na sasa palikuwa tope tupu. Walisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Wakaahidi tanuu la gesi. Wakaja vijana wa mashati safi, wakapima, wakapiga picha, wakanywa madafu yake, wakaenda zao. Hata salamu hawajaleta mpaka leo!

Yumna alipofika miaka ishirini na mitatu akaposwa na Hussam, kijana mpole ambaye kazi yake ni kufunga sola mapaani. Aidarus alimpenda. Harusi ikapangwa baada ya Idi, na mzee akaanza kutafuta vifaa.

Chokaa ilikuwapo, tena ya kujivunia. Lakini chokaa peke yake haishiki sakafu ya juu, yataka boriti, na boriti za halali hazikuwapo tena. Za kuiba zilikuwapo, naye hakuwa mwizi. Vikabaki vyuma na simiti. Akaenda dukani Makupa, akaambiwa bei, akafikiri muuzaji amtania.

"Mwezi uliopita haikuwa hivi, bwana!"

"Mzee wangu, simiti nayo huchomwa. Moto umepanda bei, nasi twapandisha."

"Kumbe! Katanuu kangu kamezimwa kwa moshi, na hayo makubwa kama mlima yawaka?"

Muuzaji akamgeukia mteja mwingine.

Habari za shimo zikamfikia tajiri mmoja aliyekuwa akitengeneza nyumba ya kale iwe hoteli. Chokaa ya tanuu haipatikani siku hizi, sembuse ya miaka ishirini na mitatu. Akaja, akaipaka kidoleni, akataja bei. Aidarus akakataa. Akaja tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki wiki tano kufika harusi, na juu ya nyumba hapakuwa na kitu ila mbingu. Yumna alikuwa amekwenda kushinda kwa shangaziye. Aidarus akaziinua mbao kwa mikono yake, na lori lilipoondoka akazirudisha palepale, akazifagia. Hakumwambia binti neno.

Kalama, Mgiriama aliyechoma naye chokaa miaka thelathini, ndiye aliyekuja kumsaidia kujenga. Alipoona mifuko ya simiti imepangwa ukumbini, alisimama asiingie.

"Fundi, wewe ndiye uliyenifunza. Ukuta wa tumbawe hutoa jasho. Ukiuvika simiti, jasho lipite wapi?"

"Najua."

"Na uzito wote huo wa juu, kuta hizi zitaubeba?"

"Najua, Kalama. Shika mwiko."

Wallahi alijua. Mtu mwingine angeweza kusema hakuambiwa. Yeye alikuwa amewagombeza watu mji mzima kwa kosa hilohilo, miaka arubaini, na sasa alilifanya kwa mkono wake, kwa sababu tarehe ilikuwa karibu na mwana ni mmoja.

Orofa ikamalizika. Harusi ikawa harusi. Hussam akaingia na sanduku lake, akaweka na paneli nne juu ya paa, taa zikawaka bila bili. Wakakaa fungate yao juu, na Aidarus chini akisikia nyayo za mwanawe darini, akalala usingizi ambao hakuupata tangu mkewe afe.

Masika yakaja. Ukuta wa chini ukaanza kuvimba. Ufa ukatoka dirishani ukashuka hadi sakafuni. Aidarus akaugonga kwa mpini wa mwiko, akasikia sauti ya kitu kitupu, sauti ileile iliyomfanya awahamishe watu wengi majumbani mwao. Akasukuma kabati mbele ya ufa, akanyamaza. Siku tatu! Siku ya nne pande la dari likaanguka juu ya msala wa Yumna, naye ndiyo kwanza amemaliza kuswali adhuhuri na kuondoka.

"Mwanangu, teremkeni," alisema Aidarus. "Leo hii."

"Twende wapi, baba?"

"Mumeo akutafutie nyumba. Hii itawaua."

"Si utaitengeneza? Ibomoe hiyo simiti, upige chokaa. Chokaa yangu si ipo?"

Hakungoja jawabu. Alikwenda uani, akainua ubao wa kwanza, na wa pili. Shimoni mlikuwa na maji ya mvua, na utando mweupe chini kabisa.

"Uliuza lini?"

"Kabla ya harusi."

"Na siku ya hina nilikuwa nimekaa hapa," alisema Yumna. "Niliwaonyesha wenzangu. Niliwaambia, hii ni yangu, babangu aliniwekea. Nawe ulikuwa umesimama pale."

"Nilitaka usiondoke kwenu, mwanangu."

"Ungeniuliza! Ningekaa chini na wewe, baba. Chumba kimoja, tukapitisha pazia katikati. Hussam angekubali. Ungeniuliza tu."

Katika kupiga hesabu zake zote, hilo halikumpitia Aidarus hata siku moja. Alilia palepale uani, mzee mzima, wala hakujificha uso.

Yumna na mumewe wakapanga mtaa wa Buxton, orofa ya tatu, vyumba viwili. Mwenye nyumba hakutaka sola juu ya paa lake, kwa hiyo paneli zikabaki uani kwa Aidarus zimeegemezwa ukutani. Kalama alirudi na nyundo, wakaibomoa orofa pamoja, tofali kwa tofali, ili kuta za chini zisalimike. Kalama hakusema "nilikwambia". Iliwachukua siku tisa.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo Aidarus alikuwa ukumbini peke yake, ametoka kuswali. Akasikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Aliijua sauti. Miaka ishirini na mitatu sauti hiyo haijawahi kupiga hodi mlango ule. Yumna alikuwa akiusukuma kwa nyonga akaingia akipiga kelele za njaa.

"Hodi," ikasema tena.

Mtu humkaribishaje mwanawe kwao? Lakini anayepiga hodi mara tatu asijibiwe huenda zake, na Aidarus akaogopa. Akainuka haraka kabla ya ile ya tatu.

"Karibu," alisema.

Yumna akaingia na bakuli lililofunikwa kitambaa. Akaamkia, akabusu mkono wa babake, kisha akasimama katikati ya ukumbi akingoja aonyeshwe pa kukaa.