Marashi na Ufunguo wa Lango

Jumapili mchana nyumba yangu hujaa watu kuliko saluni yangu. Wapo wanaofuata gemu, wapo wanaofuata maneno, na mimi nawapenda wote mradi wavue viatu mlangoni. Gemu lenyewe ni la wafalme wa zamani: ngome za mawe, farasi, mishale, wakulima wanaolia njaa. Kila mtu anacheza kwa simu yake, na ramani nzima inaonekana kwenye televisheni ukutani, kwa hiyo hata asiyecheza anaona nani kamkimbia nani. Hapo ndipo raha ilipo.

Jumapili hiyo kila aliyeingia alijua kuna jambo. Mdogo wangu alikuwa ameahidi kumpa Marashi jibu kabla jua halijazama, atamkubali au hamtaki. Tulimpa jina la Marashi kwa sababu harufu yake huingia sebuleni kabla yake, na huondoka Jumanne. Anauza simu dukani, shati lake halina mkunjo, na maneno matamu hayamwishi. Mimi nilikuwa upande wake, nisiseme uongo. Nilimwambia mdogo wangu, "Ukiwa na mwanaume anayejua kuongea na watu, hulali njaa." Mdogo wangu kutwa nzima anauza dawa na kusikiliza watu wakidanganya kuhusu magonjwa yao. Akanijibu, "Dada, tutaona."

Basi nikamfanya Marashi mshirika wangu. Adui alikuwa Fundi Friji, mtu wa tumbo, mzaha na jeshi kubwa. Sasa, katika gemu hili mshirika unaweza kumwacha apige kambi nje ya ukuta, au ukampa ufunguo wa lango aingie na kutoka kama kwake. Wanaolijua gemu hawampi mtu ufunguo. Mimi nilimpa. Huyu si mtu baki, nilijiambia, huyu ni shemeji.

"Umempa ufunguo?" mdogo wangu akauliza, birika mkononi. Lilikuwa birika la umeme, Marashi mwenyewe alituletea alipoanza kuja kwetu, na tangu hapo hakuna chai iliyomiminwa bila yeye kutukumbusha.

"Ni mtu wetu," nikasema.

"Shemeji, wewe lala usingizi," Marashi akasema, mdomo umejaa karanga. "Wakikugusa wewe, wamenigusa mimi."

Fundi Friji akaja na jeshi lake. Nikamwita Marashi.

"Niko njiani, shemeji."

Askari wake nawaona kwenye televisheni, wamesimama kilimani kama watu wanaotazama mpira. Mishale inanyesha, wakulima wangu wanakimbia na mbuzi wao.

"Marashi, shuka."

"Nashuka. Farasi wamechoka kidogo."

Farasi wa kwenye simu, eti wamechoka. Sebule ikacheka, na mimi nikacheka nao.

Mwishowe wakashuka. Nikapiga makofi. Wakafika langoni, wakafungua kwa ufunguo niliowapa mimi mwenyewe, kisha wakakaa pembeni kwa adabu, Fundi Friji akapita katikati yao. Hawakurusha hata jiwe. Ngome ilipokwisha kushika moto, askari wa Marashi wakaingia nyuma ya wote, moja kwa moja hadi ghalani, wakaanza kubeba magunia ya nafaka, wakiruka maiti za watu wangu.

Nilimgeukia. Alikuwa anaichekea simu yake, ganda jekundu la karanga limemganda mdomoni, na vidole vyake vya chumvi anavifuta kwenye mto wa kochi langu. Yale marashi ambayo hadi jana niliyaita ya kistaarabu yakaninukia kama maua yaliyosahaulika kwenye maji ya wiki iliyopita.

"Amekuahidi nini?" mdogo wangu akamuuliza, taratibu, kama anavyomuuliza mteja amekohoa tangu lini.

"Nani?"

Fundi Friji akamjibia, anajikuna tumbo. "Kile kijiji cha mizinga ya nyuki. Nilimnong'oneza alipokuja kuchota karanga huku kwangu. Haki ya Mungu, nilianza na kitu kidogo ili tuvutane. Akakubali hapo hapo."

"Jamani, si gemu tu?" Marashi akacheka. "Shemeji alishashindwa. Mwenye akili anasimama na anayeshinda."

Safari hii alicheka peke yake.

"Dada, nipe simu," mdogo wangu akasema. Akakaa nafasi yangu. Nilikuwa nimebakiwa na mnara mmoja ng'ambo ya mto, daraja la mbao, na wapiga mishale wachache. Kwa wakati huo Fundi Friji alishaanza kumnyang'anya Marashi kijiji chake cha nyuki, kama ilivyotarajiwa, na Marashi akasogea kochini karibu na mdogo wangu.

"Mpenzi, tuungane. Namgeuka Fundi sasa hivi. Wewe siwezi kukutupa."

Nilitamani kutoka nje nikateme mate.

"Karibu," mdogo wangu akasema. "Ufunguo hapana. Jeshi lako likae mbele ya daraja, upande wa Fundi."

"Mbele kabisa?"

"Si unanilinda?"

Watu wote wanamtazama, angesema nini? Akawapanga mbele, na magunia yangu mgongoni. Walipokwisha kupangika, mdogo wangu akalichoma daraja nyuma yao.

Fundi akaja kwa kasi. Askari wa Marashi, bila kuchomoa upanga, wakageuka kukimbia, wakakuta maji. Farasi, magunia, watu, wote wakajaa kwenye tope la ukingo, na wapanda farasi wa Fundi wakanasa humo humo kama nywele kwenye kitana. Wapiga mishale wa mnarani wakafanya kazi yao bila haraka.

Fundi Friji akaweka simu chini. "Huyu binti ananitisha."

"Umenitumia," Marashi akamwambia mdogo wangu.

"Nimekuweka panapokufaa. Nilijua utakimbia, nikapanga kwa hilo."

Mngedhani angenyamaza. Akajifuta mdomo, akatabasamu. "Lakini tumeshinda pamoja. Na jibu langu?"

Mdogo wangu akaenda jikoni. Tukasikia maji yakimwagwa. Akarudi na birika, waya umeviringwa vizuri.

"Shika mpini," akamwambia. "Bado la moto."

Marashi akalipokea. Akanigeukia mimi. "Shemeji, ongea naye basi."

"Shemeji yako nani?"

Akavaa viatu. Kabla hajatoka, birika kwapani, alinyoosha mkono kwenye bakuli, akachota karanga, akatia mfukoni.

Nilifungua madirisha yote, nikavua foronya ya ule mto, nikailoweka. Fundi Friji akauliza kama chai bado ipo. Tukachemsha kwa sufuria.