Tangazo la Saa Saba

Miaka kumi na minne Walubengo alisoma matangazo ya vifo kwenye redio ndogo ya Kibera, na hakuna jina alilosoma kabla hajapiga hodi mwenyewe kwa wafiwa. Mitaa ya huko, Lindi, Soweto East, hata Ayany, yote alifika kwa miguu. Akisema mtu amekufa, watu walitafuta leso.

Basi mhariri, Musau, akaleta kompyuta ya kuandika na kusoma habari. Akaifundisha sauti ya Walubengo kwa kanda za zamani, kisha akamwambia mwenyewe akapumzike. Kesho yake Walubengo alikuwa kibandani kwa Phanice, chapati mkononi, akajisikia redioni.

"Si uko hapa?" Phanice akauliza. "Huyo ni nani?"

"Mwizi."

Alimwomba Musau jambo moja: atangaze kwamba sauti ile si yake. Musau akacheka. "Mzee, wasikilizaji hawajui tofauti. Enda shags, kijijini kwenu, ufuge kuku."

Walubengo hakubishana. Alingoja mpaka siku Musau alipokwenda mjini, kwenye mkutano wa kujisifu kwa waandishi wenzake juu ya mashine yake, simu imezimwa. Asubuhi hiyo akatuma ujumbe kwenye namba ya matangazo, ambayo sasa mashine iliipokea na kuisoma yenyewe, kwa laini yake mwenyewe, bila kujificha: Musau wa Kawangware amefariki ghafla, matanga ni nyumbani kwake.

Saa saba mashine ikasoma. Haikumpigia mtu hodi. Ilipofika kwenye jina ikashusha pumzi kidogo, vile vile alivyozoea Walubengo.

Saa kumi Walubengo alisimama kwenye geti la Musau, Kawangware. Hema lilishasimama, akina mama wa kanisa wanaimba. Musau, aliyefika punde, alizunguka akishika watu mikono.

"Mimi ni mzima. Niguse, Mama Beth."

"Lakini Walubengo amesema," mama akajibu, akimkagua.

Mamake Musau alikuwa ameketi chini, viatu mkononi, macho yamevimba. Hapo Walubengo akaumwa rohoni. Hakuondoka lakini.

Musau akamwona. "Mzee, waambie ukweli."

"Nishasema saa saba. Si hawajui tofauti?"

Watu wakageuka. Musau akapanda juu ya kiti cha plastiki.

"Aliyesoma si Walubengo. Ni mashine. Nilichukua sauti yake bila kumuuliza."

"Huku nyuma hatujasikia," Walubengo akasema. "Rudia."