Tonge la Pili

Foleni ya maskini waliongojea chakula cha mchana kwenye lango la kanisa, pale mjini Dessie, ilikuwa imefika hadi kwa muuza mkaa wakati Tiruwerk aliposhuka garini, akawapita wote na kwenda kuketi jikoni kwa mtawa. Alikuwa ametoka kula mayai, siagi na injera, ule mkate mwembamba wa tefu. Bado alikuwa na njaa.

Emahoy Yeshi, mtawa mwenyewe, aliyekuwa akipakua shiro, mchuzi wa unga wa dengu, alipiga mbweu.

"Mayai," alisema. "Na leo Ijumaa, Tiru. Unanivunjia mfungo."

"Nisamehe. Nilidhani labda leo yatabaki kwangu."

Waliishi hivyo tangu usichana. Walikulia ua mmoja, wakilishana kwa mkono, na huko kwao hakuna anayemlisha mwenzake tonge moja akaachia hapo. La pili hufuata papo hapo, wasije wakatengana. Siku Yeshi alipokwenda utawani alimlisha rafiki yake tonge moja, lori likapiga honi, akapanda na la pili mkononi. Akalila mwenyewe njiani. Tangu hapo kila alichomeza Tiruwerk kilitua tumboni mwa Yeshi.

Mtawa hakulalamika. Kwa kuwa alishibishwa na chakula cha mwenzake, sahani yake aliwapa maskini, na maisha yake yakaenda hukohuko: kuogesha wagonjwa, kuzika wasio na ndugu, kulisha wengine. Tiruwerk alitafuta shibe kwenye biashara. Maghala yake sasa yalijaa nafaka ya tefu mpaka milango ikabinuka, na mwaka huo mvua ilikuwa imeozesha mazao ya watu.

"Fungua ghala," alisema Yeshi. "Pipa la unga nimelikwangua leo. Kesho sina cha kuwapa hawa."

"Nitatoaje, na mimi mwenyewe nina njaa? Nikishika tu ufunguo tumbo linanikata. Nipe tonge langu, Yeshi. Nikishiba nafungua leo leo. Naapa kwa Mama Maria."

Gashe Mulat, mzee wa magongo aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alichungulia mlangoni. "Mpe, Emahoy. Tajiri gani huyu, mbavu nje kama mimi?"

Yeshi alinawa mikono. Aliogopa, wala hakuficha.

"Ukinidanganya, Tiru, njaa itanirudia mwenyewe, nianze kula fungu la hawa maskini."

"Nimekudanganya lini?"

"Utotoni ulisema shayiri yangu ya kukaanga imeliwa na nyani."

Tiruwerk alicheka kidogo, kicheko chake kilekile cha uani. Yeshi alimpenda sana wakati huo. Akakata injera, akachovya, akafinyanga tonge, akamtia kinywani.

Tiruwerk alitafuna taratibu, kafumba macho. Rangi ikamrudia usoni. Akaegemea ukuta, akalegeza mshipi, machozi yakamtoka. Yeshi akamfuta kwa upindo wa shela.

"Nimeshiba," alisema. "Mungu atukuzwe, nimeshiba."

"Haya, ufunguo."

Tiruwerk aliitazama foleni kwa muda, kwa utulivu, kama mtu aliye ndani akitazama mvua ya nje.

"Mbona hawajambo tu," alisema. "Acha sikukuu ya Meskel ipite, bei itakuwa imepanda vizuri."

"Uliapa."

"Niliapa nikiwa na njaa, dada yangu. Mwenye njaa si husema lolote?"

Akambusu mashavuni, kama kawaida yao, akaondoka. Gari lilipita polepole kando ya foleni ili lisiwarushie watu matope.

Yeshi alipakua mpaka sufuria ikaisha, na wa nyuma hawakupata. Hapo tumbo lake likanguruma.

"Ni wewe huyo, Emahoy?" aliuliza Gashe Mulat.

"Ni mimi."

Mzee alisukuma bakuli lake kuelekea kwake. Yeshi akalirudisha. Nje, waliokosa walikuwa wameanza kupanga foleni ya kesho. Alichukua bakuli tupu akaenda kusimama mwisho wake, karibu na muuza mkaa, na mwanamke aliyekuwa mbele akasogea kidogo kumpa nafasi.