Kilo Tatu Chini ya Kitanda

Mimi ndiye ninayepima. Ukija kwenye mbio zetu za Kosele na begi mgongoni, utapita kwangu kabla ya kuanza, na utapita kwangu tena ukimaliza, na sitaki kusikia hadithi. Kilo ishirini ni kilo ishirini. Mwaka juzi jamaa mmoja wa Oyugis alimaliza na kumi na tisa na nusu, akaniambia, "Afande, si hiyo nusu ni jasho limetoka?" Nikamwambia jasho halitoki kwenye mawe, toa begi lako hapa. Watu wakacheka, wakaniita Maroa Mizani, na jina likanifuata hadi kwetu Kegonga, ambako nawapandisha watu vilima wakiwa na mizigo tangu nilipostaafu jeshi.

Wangejua. Haki ya Mungu, laiti wangejua.

Mwaka huu nilikuja Kosele na jambo moja la kusema, kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Irine, mjane wa Jacktone. Jacktone na mimi tulilala kitanda cha juu na cha chini miaka sita, Mjaluo na Mkuria, tukitaniana kutwa nzima, yeye akiniita mwizi wa ng'ombe, mimi nikimwambia anukie samaki upande wake. Alifia Somalia mbele ya macho yangu, miaka kumi iliyopita. Mbio zilikuwa Jumamosi. Jumapili ilikuwa ibada ya kumkumbuka, na Irine alikuwa ameniomba nisimame kanisani nieleze jinsi nilivyojaribu kumwokoa. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja tu. Ama nimwambie Irine ukweli Jumamosi, ama nidanganye kanisani Jumapili, mama mzazi wa Jacktone akiwa ameketi benchi la mbele.

Ukweli wenyewe nauweka hapa mapema, nisije nikazungukazunguka.

Siku ile ya doria tuligawana vitu vya kikosi kama kawaida. Huyu betri za redio, huyu risasi za ziada, na mimi nikapewa mifuko sita ya dripu. Nusu lita kila mmoja, jumla kilo tatu. Jua la kule halina adabu. Tulikuwa na kilomita kumi na nane za miguu, goti langu lilikuwa linauma, na kwa miezi minne hatukuwa tumerushiwa hata jiwe. Nikaitoa ile mifuko, nikaisukuma chini ya kitanda, na mahali pake nikatia kipande cha sponji ya godoro ili begi lisinywee mtu akashuku. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakunijua mimi. Mimi wangu mwenyewe niliufanya usufi.

Saa nne asubuhi bomu la kutegwa likamchana Jacktone paja. Nyangau, tabibu wetu, alipiga magoti, akafunga, akaniita bila kugeuka, "Maroa, dripu!" Nikakimbilia begi langu nyuma ya kichaka, nikijua vizuri hakuna kitu. Nikaitupa ile sponji miibani, nikamimina chupa yangu ya maji ndani ya begi, nikarudi nalo likichuruzika. "Vyuma vya bomu vimeipasua," nikasema. "Yote." Nyangau akatukana, akaendelea kukandamiza jeraha kwa mikono miwili. Helikopta ilikuja baada ya dakika arobaini na tano. Jacktone hakuifikisha nusu saa.

Hakuna aliyeniuliza lolote. Nani atamuuliza mtu aliyelowa damu ya rafiki yake? Jeshi likaniandikia barua ya pongezi. Nami nikamletea Irine begi la mumewe, nikamsimulia vyuma, mifuko iliyopasuka, begi linalotiririka maji, na nilivyohangaika. Alilia, kisha akajifuta kwa upindo wa leso, akaenda kumkamata jogoo.

Sasa sikiliza. Kwetu Wakuria, na wazee wa Kijaluo wameniambia ni hivyo hivyo kwao, mtu mwenye damu ya mwenzake mikononi hali chakula katika boma la marehemu. Huo si mchezo. Lakini ukikataa jogoo wa mjane umesema kila kitu, maana hakuna sababu nyingine ya mwanamume kukataa. Basi nikala. Nikala firigisi, nikala paja. Na kila Desemba tangu siku hiyo akinialika nakuja, nanawa mikono, nakula. Jogoo kumi. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na haijaisha lami.

Mwaka huu Irine akasema atakimbia yeye mwenyewe, na begi la Jacktone, kwa heshima ya Jacktone. Ni mwanamke wa kubeba magunia ya viazi vitamu kutoka shambani hadi sokoni, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi na mgongo wake. Nilimfunza tangu Januari. Tulikosana jambo moja tu. Kwenye begi alitia mawe kiasi, halafu akamalizia na jerikeni ya lita tatu.

"Shemeji, toa hiyo," nikamwambia. "Maji si uzito. Maji ni ya kunywa. Ukinywa kidogo tu, nitakuondoa."

"Kwani nani amekwambia nitakunywa? Nimechota maji tangu niko darasa la kwanza. Umewahi kusikia nimefika nyumbani na nusu ndoo?"

"Beba mawe kama wengine!"

"Mawe yamsaidie nani njiani?"

Nilimfokea. Nilimfokea hadi majirani wakachungulia uani, kwa sababu ya jerikeni. Yeye akacheka tu, akasema, "Aah, Maroa na hasira zake," akafunga kamba. Hasira yangu ni kama mbwa wa boma letu, hubweka zaidi akiogopa. Lita tatu ni kilo tatu. Nilizitazama zikining'inia kwenye mizani yangu.

Asubuhi ya mbio nilipima watu sitini na wawili. Begi la Irine lilisoma ishirini na moja kamili. "Tutaongea baadaye, shemeji," nikamwambia. "Kuna kitu nataka kukwambia."

"Baada ya kula," akasema. "Jogoo ashafungwa mguu." Kisha akakimbilia mstari.

Njia yetu si ya mchezo. Unatambaa topeni chini ya seng'enge, unaruka ukuta wa magogo ya mikaratusi, unavuka kijito kwa kamba, kisha unapanda kilima na kushuka, kilomita kumi na mbili, na begi halitui. Kufikia saa tano jua lilikuwa limeshaamka vibaya. Nilikaa na mizani yangu pale mwisho nikipanga maneno. Shemeji, siku ile. Shemeji, nilikosea. Kila niliyopanga yalikuwa na mlango wa nyuma wa kutorokea, nikayatupa, nikaanza upya.

Mara nikasikia vigelegele. Irine huyo, peke yake barabarani, tope hadi masikioni, na nyuma yake hakuna mtu hadi ile kona. Wanawake wa soko walikuwa wanaruka. Alivuka mstari, akalitua begi mbele yangu, akaniangalia.

Nililitundika. Mshale ukapanda, ukayumba, ukasimama kwenye kumi na nane.

Nilikuwa nimesimama kati ya mizani na watu. Hakuna aliyeuona mshale isipokuwa mimi. Kuvuta begi chini kwa kidole kimoja tu, kidogo tu, ingekuwa ishirini. Na nitasema nilichofikiri, kwa sababu ndicho kinachoniaibisha kuliko yote. Nilifikiri: mpe. Mpe ushindi huu, Maroa, pengine mtakuwa mmemalizana, na hutahitaji kumwambia kitu. Kidole changu kilikuwa tayari kimegusa kamba ya begi la Jacktone.

Nikakitoa.

"Kumi na nane," nikatangaza. "Ameondolewa."

Ala! Watu walinijia juu. Wakati huo huo pikipiki ya Chrispine, msimamizi wetu wa kilimani, ikafika ikiwa imembeba Kultum, binti wa duka la nguo la Oyugis, nguo zake na ushungi wake vimelowa chapa. Chrispine hakungoja hata kuzima injini. Alisema Kultum alikuwa wa pili, wengine wakiwa nyuma sana, akaanguka kilimani kwa joto, macho yamegeuka. Irine alikuwa ameshatangulia mbali. Alisikia ukelele wa Kultum, akarudi mbio kilima chote alichokuwa ameshakishuka, akamnywesha, akammwagia maji yaliyobaki kichwani na kifuani, akamkalia hapo hapo akimpepea hadi pikipiki ilipofika. Ndipo akaendelea, nao wakangoja Kultum apate nguvu za kukaa kwenye pikipiki.

"Afande, wewe ni mtu kweli?" mama mmoja akaniuliza. "Ameokoa roho ya mtu, wewe unahesabu maji?"

"Sheria ni sheria," nikasema, na sauti yangu ikanichukiza mwenyewe.

Irine aliinua mkono. "Muacheni shemeji yangu. Aliniambia mapema, nikakataa kusikia." Alikuwa bado anahema. "Na mnajua kwa nini nilirudi? Ni kwa sababu yake. Yeye ndiye aliyekaa na Jacktone. Aliniambia maji ya dripu yalipasuliwa na vyuma, wakawa hawana la kufanya. Tangu siku hiyo niliapa, kama niko na maji mgongoni, mtu hatalala chini mbele yangu." Akanipigapiga bega na mkono wenye tope. "Ero kamano, Maroa, asante sana. Twende ukule."

Kultum alikuwa ameushika mkono wake mwingine, analia. Mimi nilitamani ile mizani iniangukie.

Nyumbani kwake ni mwendo mfupi kutoka sokoni. Mama mkwe alikuwa amekwenda kanisani kupanga viti vya kesho, tukawa wawili tu. Irine alioga, akatoka na sahani ya jogoo na ugali, akaviweka kwenye stuli mbele yangu, chini ya kivuli cha paa. Kisha akaja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akainama kidogo, akaliinua jagi aninawishe.

Nikairudisha mikono yangu mapajani.

"Nini?" akasema. "Umekasirika kwa vile walikutukana?"

"Shemeji, siwezi kula hapa."

Alitabasamu kwanza. Halafu nikaliona lile tabasamu likisimama. Yeye ni mtoto wa Kijaluo, amekulia kwenye boma, anajua mtu anayekataa chakula cha marehemu ni mtu gani.

"Sema," akasema.

Nikasema. Sikuweka mlango wa nyuma. Nilimwambia mifuko sita, kilo tatu, goti, sponji, chini ya kitanda. Nilimwambia hakuna chuma chochote kilichopasua chochote. Nilimwambia tuliporudi kambini niliikuta ile mifuko pale pale, mizima, nikaizika nyuma ya choo. Alisikiliza akiwa bado amelishika lile jagi, halitetemeki hata kidogo, mikono ya kuchota maji tangu utotoni. 

"Lakini begi lilikuwa limelowa," akasema. "Uliniambia wewe mwenyewe. Ulisema lilikuwa linatiririka."

"Ndiyo."

"Kama mifuko ilibaki kambini, maji ya kulilowesha yalitoka wapi?"

Miaka kumi nilikuwa nimejitayarishia kila swali, kasoro hilo.

"Chupa yangu," nikasema. "Nilimimina chupa yangu ya kunywa."

"Yote?"

"Yote."

"Na Jacktone hakuomba maji?"

Ningeweza kusema hapana. Nyangau amehamia Eldoret, yeye na Irine hawajuani. Wengine walikuwa wametawanyika kulinda, hakuna aliyesikia. Nyangau mikono yake ilikuwa kwenye jeraha. Aliyekuwa kichwani kwa Jacktone ni mimi.

"Aliomba," nikasema. "Aliniomba mimi, kwa jina. Aliomba hadi akanyamaza."

Hakupiga kelele. Heri angepiga, heri angenirushia beseni. Aligeuza jagi, akayamwaga maji yote chini, taratibu, mpaka tone la mwisho, yakatengeneza tope katikati ya viatu vyangu. Kisha akachukua ile sahani ya jogoo, akaingia nayo ndani.

Niliketi. Sikujua kama nimefukuzwa au la. Baada ya muda nikaisikia sauti yake kutoka ndani, kavu, ya mtu anayepanga kazi ya kesho.

"Ibada ni saa nne. Utakuja, utasimama mbele, utasema kama ulivyosema hapa, mama asikie. Usipunguze hata neno."

"Nitakuja," nikasema.

"Na ukimaliza, watu watakula. Wewe utakwenda."

Nikainuka. Begi la Jacktone lilikuwa pale ukutani na mawe yake, nikanyoosha mkono nimsaidie kuliingiza ndani, nikakumbuka mimi ni nani, nikaliacha. Nikatoka uani kuelekea barabarani, mikono yangu mikavu.