Kipoza Kikubwa cha Molly

Studio ya Molly Adongo pale Litein haikuwahi kukosa watu. Aliyetoka kupeleka majani chai kituoni alipitia, mwenye umbea alipitia, na mimi ninayepika chapati mlango wa pili nilikuwa huko zaidi kuliko jikoni kwangu. Molly alitengeneza video za harusi na matanga. Sisi tulisimama nyuma ya kiti chake tukiamua nani alilia kweli na nani aliitafuta kamera kwanza.

Ndipo Rodah akaleta ile kanda kubwa nyeusi ya zamani. Ilikuwa harusi ya wazazi wake huko Chebunyo, iliyopigwa na mmisionari mmoja aliyekuwa na kamera. Baba alishakufa, na wengi waliocheza siku hiyo walikuwa wamemfuata. Aliyebaki akiwajua ni mama yake, kogo Chelangat, yaani bibi kwa Kikipsigis, naye alikuwa mgonjwa ambaye hospitali ilishamrudisha nyumbani. Rodah alitaka mama akae mbele ya picha, ataje watu mmoja mmoja, na Molly aandike kila jina chini ya uso wake. Wajukuu wajue wametoka kwa nani.

Shida ilikuwa kompyuta. Kila Molly akianza kuhamisha ile kanda, prosesa ilipata moto na mashine ikajizima katikati. Noah, fundi wetu, akasema hako kafeni kalikokuja nayo hakawezi kazi hiyo. Akaleta vipoza viwili vya kupoza prosesa, akaviweka mezani.

Kimoja kilikuwa cha feni moja, kadogo tu, kama nusu mkate. Kingine kilikuwa na minara miwili ya mabati membamba na feni mbili, kizito kama tofali. Noah alieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema vyote vinatosha kwa prosesa ile. Kikubwa kitapunguza kelele kidogo, lakini uzito wake wote utaning'inia kwenye bodi, kwa hivyo siku kompyuta ikisafiri, king'olewe kipoza au kompyuta ilazwe kwa ubavu.

Molly alikuwa ameshashika kile kidogo. Mkono wake ulikuwa juu yake, niliuona.

Basi mzee Kepher, aliyestaafu kiwanda cha chai, akakiinua kile kikubwa, akakipima mkononi kama mtu anayepapasa fahali soko la Siongiroi.

"Madam," akasema, "kwa ng'ombe hakuna mtu hununua kadogo ati kanatosha."

Tulicheka. Wilkista wa saluni akamalizia: "Molly, harusi zote za huku ziko ndani ya hiyo kompyuta, na wewe unataka kuipepea na kijiko?"

Nyumba nzima ilikuwa upande wa kikubwa. Molly naye akacheka, na mkono ukahama.

Kusema haki, kilifanya kazi. Mashine ilitulia, baridi kabisa, na kanda ikahama yote hadi mwisho. Asubuhi ileile ilipomaliza, Rodah akapiga simu. Mama ameamka na nguvu, amekunywa uji, ameketi, anauliza picha ziko wapi. Njooni sasa.

Kila mtu akawa mkubwa wa safari. Kipkurui, anayebeba maziwa kwa pikapu, alikuwa anarudi upande huo na mikebe mitupu. Akaibeba kompyuta, akaisimamisha wima katikati ya mikebe, akaikaza kwa mipira ya kufungia mizigo. Kwa mtu wa maziwa, kitu cha thamani husimama. Hajawahi kulaza mkebe maishani mwake. Molly alikuwa mlangoni, amezungukwa na sisi, Wilkista akimrekebisha kitambaa. Alitazama ile kompyuta imesimama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Mtu akatania kwamba leo studio inaenda kutafuta mchumba Chebunyo. Tukacheka tena, Molly akapanda, na pikapu ikaondoka.

Mengine alinisimulia Molly. Lami iliisha, ikaja barabara ya murram na mashimo yake. Walipofika, kogo alikuwa kwenye kiti, amevaa leso ya kanisa, televisheni ya jirani imeshawekwa mbele yake. Molly akabonyeza. Kimya. Akafungua ubavu wa mashine, akakikuta kile kipoza kimelala chini, kimeng'oka na kipande cha bodi.

Kogo akasema jambo kwa Kikipsigis. Rodah akatafsiri: "Anasema washeni polepole, yeye yuko."

Waliketi naye mpaka akachoka, akarudishwa kitandani.

Kesho yake, huku Litein, Noah alitoa diski, akaiweka kwenye kompyuta nyingine. Picha zote zilikuwa salama. Molly alikuwa anatafuta gari la kurudi Chebunyo Rodah alipopiga simu. Mama ameamka bila usemi. Anatazama tu.

Hakuupata tena. Tulimzika kabla mvua haijaanza.

Siku ya matanga Rodah aliomba video ionyeshwe hivyohivyo. Nyumba ilijaa mpaka madirishani. Watu wanafunika vinywa, wanacheka nywele za zamani. Halafu akatokea msichana mmoja mrefu amesimama na bibi harusi, wameshikana mikono, na ngoma nzima hawakuachana. Kila mara bibi harusi akicheka, anamgeukia huyo kwanza.

"Huyu ni nani?" Rodah akauliza.

Wazee wakasogeza viti. Mmoja alisema pengine ni wa Siongiroi, mwingine akakataa.

Molly alikuwa amesimama karibu na televisheni. Chini ya kila uso alikuwa ameacha nafasi, mstari mweupe mtupu. Msichana yule alipita na mstari wake, akicheka na Chelangat, na ndani ya nyumba iliyojaa vile hakukuwa na mtu wa kumtaja.

"Ningeilaza kompyuta," Molly akaniambia kwa sauti ya chini. "Kusema tu, ilazeni."